Nani Atatoka Nyumbani Kuja Kuangalia Ngumi?

Kazi yangu ni kukodisha viti na maturubai. Ghala langu liko Njoro, hapa Moshi, na katika kazi hii swali ni lile lile kila siku: watakuja watu wangapi? Mwenye harusi anauliza, mfiwa anauliza, mama wa mtoto wa kipaimara anauliza huku ameshika kiuno na simu inaita kwenye pochi. Mimi namuuliza anasali wapi, ukoo wao uko kijiji gani, ndugu zake walioko Dar wanapatana au hawapatani, halafu namwambia nimletee viti vingapi. Sijisifu, lakini huwa sikosei. Kwa hiyo siku kaka yangu aliponiuliza kama watu wa hapa wangekuja kuangalia pambano lake la ngumi, nami nikabaki namtumbulia macho, alielewa kwamba hali ni mbaya.

Kaka ni bondia wa uzito wa juu. Mtu asiyefuatilia ngumi anaweza kudhani ukubwa ni bahati, kumbe ni mkosi. Nchi hii ina mabondia tele, ila wengi wao ni wepesi. Wa uzito wa juu ni wa kutafuta kwa tochi. Mtu kama kaka anakaa mwezi baada ya mwezi akijiandaa kwa pambano ambalo halipo, na mpinzani akipatikana, pambano linapelekwa Dar au Mwanza, kwenye watu. Anapanda basi na begi lake. Anapigana mbele ya watu wasiojua hata kutamka jina la kijiji chake. Akirudi tunamuuliza, "Vipi?" Naye anatueleza, kwa maneno machache na mikono mingi, tunatikisa vichwa, mama anampakulia machalari ya ndizi na nyama, yamekwisha. Kwa miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona akipigana.

Mimi nampenda kaka yangu, hilo nalisema waziwazi, na nitamsifu mpaka mchoke. Mchana anapakia na kushusha magunia ya mahindi kwenye ghala moja mjini. Jioni, wenzake wakienda kunywa bia baridi, yeye anakuja Njoro, kwenye uwanja mdogo nyuma ya gereji, paliponing'inizwa gunia lililojazwa mchanga na matambara. Hakuna mtu wa uzito wake wa kufanya naye mazoezi. Vijana wepesi wanakuja kupambana naye wawili kwa mpigo, mmoja kulia mmoja kushoto, naye anazuia mkono wake asije akamuumiza mtoto wa mtu. Nimekaa pale kwenye kiti changu cha plastiki jioni nyingi nikimwangalia, na kilichonishangaza siku zote si nguvu zake bali ule ustaarabu wa kuzirudisha ndani.

Kilimanjaro bwana, jaribu kukataa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kikao cha ukoo uone utakavyoangaliwa. Yeye hakatai. Anapokea kata kwa mikono miwili, anagusisha midomo, anampasia wa pembeni. Wazee wanajua, wanamsamehe, ingawa hawamwelewi.

Mama ndiye hakutaka kabisa kusikia habari hizo. Mama anaishi Mwika, kwenye kihamba chetu, shamba tulilorithi kwa babu, na migomba yake, kahawa yake na ng'ombe wake mmoja. Akiulizwa na majirani mwanawe anafanya nini mjini, alikuwa anajibu, "Yuko kwenye mahindi." Si uongo. Lakini ngumi kwake ilikuwa ni fujo za walevi, na aliwahi kumwambia kaka mbele yangu kwamba hakumzaa mtu ili akahesabu manundu usoni kwake.

Sasa kaka umri ulikuwa umemfika. Hakuna aliyemwambia, magoti yalimwambia. Akataka pambano moja tu la mwisho, na alitaka lifanyike nyumbani. Mpinzani alipatikana, bondia wa Tanga, mkubwa kama kabati la nguo. Kilichobaki kilikuwa ni promota.

Promota alikuja kutoka Dar na viatu vyeupe, siku ya mvua. Akauzunguka ule ukumbi wa harusi tuliomwonyesha, akapiga makofi kusikiliza mwangwi, akatikisa kichwa.

"Sista, nikwambie ukweli," aliniambia. "Mimi Moshi nawajua. Hela mnazo, ila mnatoka kwa vitu viwili tu, msiba na sherehe. Ngumi hamtoki. Nikiweka pambano hapa nitapigiwa makofi na popo."

Nilitaka kumjibu vibaya, na jibu nilikuwa nalo. Tatizo ni kwamba alikuwa anasema kweli. Na mimi ndiye niliyepaswa kujua zaidi ya wote, maana viti vyangu huenda misibani na kwenye sherehe, havijawahi kwenda kwingine.

"Tufanye hivi," akamwambia kaka, akamkabidhi bahasha. "Hizi ni tiketi za viti vya mbele, ulingoni kabisa. Uza mwenyewe, pesa yake ndiyo malipo yako. Zikitoka kabla Jumatatu haijafika, pambano linabaki huku kwenu. Zisipotoka, nalihamishia Dar, tusilaumiane."

Kaka akashukuru kana kwamba amepewa zawadi. Mimi nilijua amepewa mtihani.

Alihangaika nazo wiki nzima. Bodaboda walimwambia ngumi wanaangalia kwenye simu, bure. Wenye baa walimwambia watu wakipigana kwao wanafukuzwa, sasa iweje wakalipe kiingilio kuwaona wengine. Mwenye lile ghala la mahindi, mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa Moshi, alichukua mbili na kuzilipia palepale, kisha akazirudisha kwenye bahasha, akasema kwa upole kwamba presha haimruhusu kuja. Ikafika Jumamosi, bahasha bado imenona. Kaka hakulalamika. Aliniuliza tu kama kesho ninapanda Mwika kusali na mama, nikasema ndiyo, maana ilikuwa Jumapili ya mavuno.

Kwa asiyejua, Jumapili ya mavuno kwetu Walutheri wa mlimani watu huja kanisani na walichovuna. Mikungu ya ndizi, mahindi, kahawa, kuku waliofungwa miguu, maziwa kwenye ndoo. Vinawekwa madhabahuni, vinaombewa, na baada ya ibada vinatolewa nje na kupigwa mnada. Na mnada wenyewe si wa kununua ukaondoka. Mtu akishinda kuku, mara nyingi anasema, "Nampa mchungaji," au anampa mjane fulani, au mama mkwe wake aliyekaa pale anajifanya hasikii. Wengine wanamrudisha kuku anadiwe upya. Kuku mmoja anaweza kuuzwa mara tatu kabla hajapata sufuria.

Kaka alifika na mkungu begani, amevaa koti lake la pekee ambalo vifungo vyake havijakutana tangu alipolinunua. Nikamwona anaenda mbele pamoja na wengine, anashusha mkungu, halafu anatoa bahasha kwenye mfuko wa koti na kuilaza juu ya ndizi. Mama alikuwa pembeni yangu. Aliishika pochi yake kwa nguvu.

Kule nje mnadishaji, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuamsha kijiji, alinadi maboga, akanadi kuku, akafika kwenye bahasha. Akaifungua. Akasoma. Akamwangalia mchungaji.

"Mchungaji, hizi ni... tiketi za ngumi."

Watu wakacheka. Mchungaji akamwita kaka aeleze. Kaka akasimama, jitu zima, mikono haijui pa kukaa.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amina."

"Kila mtu ameleta alichovuna. Mimi sina shamba. Nilichovuna kwa mwili wangu ni hicho." Akakaa.

Kicheko kikakatika. Mimi nikaangalia pembeni. Mchungaji aliinamisha kichwa, kisha akasema, "Jasho la mtu ni sadaka. Endelea, mzee."

Na mzee akaendelea! Akaipandisha ile tiketi juu kama ndiyo kuku mwenyewe. "Kiti cha mbele hiki! Jasho utalipata la bure! Nani ananipa mwanzo?" Meku mmoja, mzee wa jirani, akataja bei kwa utani, mwingine akapandisha, ikawa ushindani, na ya kwanza ikaangukia kwa yule meku. "Nampa mchungaji!" akasema. Shangwe. Ya pili akainunua mwalimu mstaafu, akampa mjane wa mwinjilisti wetu wa zamani, bibi ambaye anatembea kwa mkongojo. Ya tatu ikaenda kwa mwenyekiti wa akina mama. Halafu kila mkwe aliyetaka kumfurahisha mama mkwe wake akaona ndiyo nafasi yenyewe. Tiketi nyingine ziliuzwa, zikarudishwa, zikauzwa tena. Ya mwisho jirani yetu aliinunua akaja nayo mpaka tulipokaa, akasema, "Hii ni ya mama mwenyewe." Mama akaipokea kwa mikono miwili, kwa sababu ndivyo kitu cha mnadani kinavyopokelewa, akaitia kwenye pochi, akafunga zipu.

Watu wote walikuwa na furaha isipokuwa mimi. Mimi niliona viti. Niliona safu ya mbele ya ukumbi mkubwa, kwenye pambano la mwisho la kaka yangu, iliyogawiwa kwa mabibi wanaolala kabla taarifa ya habari haijaanza, na mchungaji ambaye hawezi kwenda kuonekana kwenye ngumi. Kosa kama hilo lingefanywa na nani zaidi yetu? Tiketi zimetoka zote na hakuna mtu wa kukaa.

"Umegawa viti vya mbele kwa watu ambao ngazi za kanisa tu zinawashinda," nilimfokea kaka tulipokuwa tunamsaidia mama kukata majani ya ng'ombe.

"Sikugawa mimi," alisema. "Nilitoa sadaka."

Kwa jibu hilo unamfanya nini mtu? Nikampigia promota, nikamwambia zimekwisha. Akauliza nani amenunua. Nikamwambia kanisa. "Sista, unanitania." Nikamwambia Walutheri wa Mwika, kama haamini apige aulize. Akacheka mpaka akakohoa, lakini neno lake alilishika, na kwa hilo namheshimu hadi leo.

Katikati ya wiki nilimuuliza mama kama atakwenda. Alikuwa anamenya ndizi. "Sijazaa mtu ili nikamwone akipigwa," alisema, na kisu hakikusimama.

Siku ya pambano, Jumamosi mchana, nilipanga viti kwa ujanja wa kazi yetu. Ukijua watu watakuwa wachache, unaacha nafasi kati ya kiti na kiti, unapanua njia za katikati, unavuta safu mbali na ukuta. Watu wachache wakitawanywa vizuri wanaonekana wa kutosha. Nimewahi kuwaficha aibu mabwana harusi kadhaa kwa njia hiyo, na siku hiyo niliifanya kwa ajili ya kaka yangu kwa roho inayouma. Promota alikuwa amesimama mlangoni na viatu vyake vyeupe, anaangalia barabara.

Gari la kwanza likaingia, Noah yenye matope ya mlimani. Mlango ukafunguliwa, akashushwa yule bibi mjane wa mwinjilisti, kitenge cha Jumapili, sweta, mkongojo. Nyuma yake binti yake. Nyuma ya binti, mkwe. Nyuma ya mkwe, wajukuu, dada wa mkwe, na jirani aliyeombwa aje kusaidia kumshika. Bibi akatoa tiketi yake kwenye kitambaa alichoifunga. Wengine wote wakaenda dirishani kukata za kawaida.

Hapo ndipo akili yangu ilipofunguka, nikajicheka mwenyewe. Kitu kilichopita madhabahuni, mtu akakinunua akakuheshimu nacho mbele ya usharika, hukitupi wala hukiachi kwenye droo. Ukipewa kuku, unamla. Ukipewa kiti cha mbele, unakwenda kukikalia, upende usipende. Na bibi wa Kichagga haendi mjini peke yake. Akienda hospitali kupimwa macho tu anasindikizwa na watu wanne. Akienda kwenye ngumi, mahali ambapo hakuna anayejua kutakuwa na nini, ukoo mzima unapigiana simu. Walikuja hadi watoto wa Arusha, kwa sababu nani angekubali mama yake aendeshwe na mtu baki kwenda kuona mijitu ikipigana?

Noah ya pili, ya tatu, kisha costa ya akina mama wote. Vijana wa mjini waliposikia kwamba mchungaji atakuwepo walikuja kumwona mchungaji akiangalia ngumi. Naye alikuja kweli, na kola yake, akakaa wima. Bodaboda walipoona magari, nao wakakata tiketi. Nikabana viti. Nikaziba njia za katikati. Nikatuma gari Njoro kuleta vilivyobaki ghalani, vikajaa, tukapindua kreti za soda, zikajaa, watu wakasimama ukutani, wengine madirishani. Promota alinipita akanishika bega akasema, "Sista, huu ni msiba au sherehe?" Sikuwa na muda wa kumjibu.

Kiti kimoja tu cha mbele kilikuwa kitupu. Nilipokwenda chumba cha nyuma, kaka alikuwa ameshavishwa glovu. Hakuuliza habari za umati, ingawa kelele zilikuwa zinatikisa mlango. Aliuliza, "Mama?"

"Bado," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, akaendelea kupasha misuli.

Mama aliingia wakati mabondia wepesi wa utangulizi wakimalizia. Alikuwa na mke wa mchungaji. Alipita katikati ya watu wote wale bila kumwangalia mtu, akakaa, akaweka pochi mapajani.

Pambano lenyewe nitalieleza kidogo, maana nililia karibu lote. Yule wa Tanga alikuwa kijana zaidi na mwepesi kuliko mwili wake. Ngumi ya kwanza ilipotua, safu nzima ya mbele ilipiga yowe, na bibi mmoja akamwambia mwamuzi kwa sauti, "Wewe baba, si uwaachanishe?" Lakini katika raundi za katikati kaka alikuwa mtu ambaye sijawahi kumwona. Alikuwa anacheza, ndiyo, jitu lile lilikuwa linacheza, anaingia chini ya mikono ya mwenzake, anatoka upande mwingine, anapiga mwilini, anaondoka. Nguvu zile alizokuwa anazizuia kwa vijana wa Njoro zilikuwa zimefunguliwa, na zilikuwa na adabu bado. Nikaona aibu kwamba Dar na Mwanza waliliona hili kabla yetu. Ukumbi ukawa unaita jina lake, na akina mama wakaanza kuita jina lake la nyumbani, la Kichagga, ambalo hakuna ukumbi wowote uliowahi kuliita.

Halafu magoti yakakataa. Raundi za mwisho alichelewa, akapigwa, akasimama, akapigwa tena, hakuanguka. Mabibi wengi walijifunika nyuso kwa vitenge. Mama hakujifunika. Nilikuwa namwangalia yeye kuliko ulingo, na hakufumba jicho hata mara moja.

Waamuzi wakampa ushindi wa pointi yule wa Tanga, na ilikuwa haki. Kaka akamnyanyulia mwenzake mkono, akashuka, akaenda zake nyuma. Nikamfuata nikiwa nimejiandaa kwa ile sauti ninayoijua kuliko yeyote, viti vikiburuzwa wakati watu wanaondoka.

Kaka aliketi kwenye benchi, nyusi imepasuka, anakatwa bandeji mikononi. Alikuwa anasikiliza. Hakukuwa na kiti kilichoburuzwa.

"Wanangoja nini?" akauliza.

"Wanakungoja wewe."

"Si nimeshindwa..." Akafikiri hawakuelewa, kwa kuwa si watu wa ngumi. "Mdogo wangu, nenda ukawaambie nimeshindwa."

"Wanajua, kaka. Walikuwepo."

Akanitazama. Kisha uso wake mkubwa ukavunjika, akalia kwa sauti mbele ya yule aliyekuwa anamkata bandeji, nami nikamwacha alie. Alipomaliza alivaa koti lake juu ya kifua kitupu tukatoka.

Walikuwa wamejipanga mstari, kama tunavyojipanga msibani na kwenye sherehe kwenda kumshika mtu mkono. Wa Tanga alikuwa ameshawekwa kwenye mstari wake, mabibi wanamuuliza wazazi wake wako hai na amekula nini. Kwa kaka, wa kwanza alikuwa mama. Alimshika kidevu akamgeuza kwenye mwanga, akaikagua nyusi, akamwachia.

"Mkono wa kushoto, baba," alisema. "Mwishoni ulikuwa unauchelewesha."

Kaka alicheka na mdomo wake uliovimba. "Ndiyo, mama," akasema. "Niliuchelewesha."